Mtani Wangu na Ubavu Wangu wa Kulia

Yule dada wa benchi la nyuma, mwenye mtandio wa kijani, nakuona. Tangu nesi aliponiita nisimame unanipima kwa macho, kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Usione haya, nimeshazoea. Mimi mwenyewe nikiingia mahali popote, kitu cha kwanza naangalia nani ananitazama, na ananitazama vipi. Nesi kasema niwasimulie ili wenzangu wa sukari mpate moyo. Nitasimulia. Ila nitasema kama ilivyokuwa, pamoja na aibu zake, na mkitaka kucheka chekeni kwa sauti. Sipendi watu wa kucheka ndani ya mtandio.

Mimi ndiye Mama Shaibu wa Ziwani, mpishi wa shughuli. Wengi wenu mmekula pilau yangu, na wengine mliifunga hata kwenye mifuko mkapeleka nyumbani, msibishe. Harusi ikitangazwa, kuanzia kwetu Ziwani mpaka Msimbati kule, watu waliuliza kwanza, mpishi nani? Wakisikia ni mimi, hata asiyealikwa alipita kusalimia. Na nilikuwa bonge la mama, jamani. Nikikaa kwenye kigoda, kigoda hakionekani. Mwili wangu ndio ulikuwa kibao changu cha biashara, maana mpishi mwembamba nani atamwamini? Watasema hata yeye mwenyewe chakula chake hakimpiti kooni.

Sukari ilianza kwa kiu. Nikinywa maji, dakika mbili ulimi umekauka tena. Halafu mkojo, kila saa niko chooni, na nikitoka sisimizi wanaingia, wamejipanga. Nikawa nawaambia watu labda kuna asali imemwagika. Nani anamwaga asali chooni? Magoti yakavimba, macho yakaingia ukungu, mwisho nikaja hapahapa kliniki. Daktari akapima, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama, sukari hii na uzito huu haviwezi kukaa nyumba moja. Dawa utakunywa, lakini mwili nao upunguze. Polepole. Umesikia? Polepole."

"Nimesikia, daktari."

Nilisikia "punguza". Lile neno la pili lilibaki palepale mezani kwake. Mimi nikiahidi sinia saa saba, saa saba sinia lipo. Basi nikaupunguza mwili kama mtu aliyepewa oda. Asubuhi chai ya rangi, kavu. Mchana tango na maji ya ndimu. Jioni kipande cha muhogo kinachofichika kiganjani. Pilau naionja kwa ncha ya ulimi, natema. Nazi sigusi, mafuta sigusi, muuzaji wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akipita mlangoni nageuza uso. Mwili ukaanza kuporomoka, na sukari ikashuka kweli. Magoti yakapona, nikawa nasujudu na kuinuka bila kushika ukuta. Alhamdulillahi, hilo sitalificha.

Sasa yako mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Baridi! Mtwara hii, joto la kuelekea msimu wa korosho, mimi nimevaa sweta. Kukaa kwenye benchi kukawa adhabu, mfupa na mbao zinakutana bila kitu katikati. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo. Ngozi ya tumbo ikabaki inaning'inia, nikioga naiinua kwa mkono nipitishe sabuni chini yake. Hata miguu ilipungua, kandambili zangu zikawa zinatangulia mbele, mimi nafuata.

Na pete. Nilikuwa nakoroga pilau ya harusi ya watu, sitawataja, pete ya ndoa ikanichomoka kidoleni sikujua. Ikaenda kuonekana kwenye sinia la wazee wa upande wa bwana harusi. Mzee wa watu kaitafuna, jino limelia kila mtu kasikia. Mnajua walivyosema? Hawakusema mpishi kakonda. Walisema mpishi kaifunga ndoa ile kwa dawa. Tangu siku hiyo simu za shughuli zikakatika, na mimi nikaanza kuhesabu nani ananisalimia kwa mkono na nani kwa kichwa tu.

Maneno yakaanza. Vijana wa bodaboda pale kijiweni, nikipita wanakuwa kimya, nikishapita mmoja anasema, "Huyo kashakanyaga miwaya." Maana yake nina virusi. Nilipima, sina. Na ningekuwa navyo, ni ugonjwa wenye dawa kama huu wetu, mtu anakunywa anaishi. Lakini nikinyamaza wanasema ninavyo, nikisema sina wanasema mbona anajitetea? Majirani wakaanza kuniletea uji wa lishe bila kuombwa. Mtu anakukabidhi bakuli huku anakutazama mishipa ya shingo.

Nyumbani nako kukawa hakueleweki. Baba Shaibu, mume wangu, ni mtu wa shamba, hana maneno mengi. Lakini kila nikishtuka usingizini namkuta kaniinamia, kiganja chake kiko mbele ya pua yangu. "Nini?" namuuliza. "Hamna kitu, lala." Hamna kitu! Mtu anakupima pumzi halafu hamna kitu? Nikaanza kuwaza, huyu anasubiri nini? Kaambiwa nini na nani?

Halafu nikafanya kosa ambalo Mmakonde mwenye akili timamu hafanyi. Nguo zangu zote zilikuwa zinanivua zenyewe. Siku moja nikafungua kabati, nikatoa magauni yote makubwa, nikamwita wifi yangu Mwanahawa, dada yake Baba Shaibu, tunaishi naye ua mmoja, nikaita na majirani wanene wenzangu wa zamani, nikagawa. Mimi nilikuwa na furaha, jamani! Nilikuwa najipongeza. Nikashangaa wanazipokea kwa mikono miwili, kichwa chini, hakuna anayecheka. Mmoja akafuta macho na upindo wa kanga.

Mnajua kwetu nguo za mtu zinagawiwa lini. Zinagawiwa arobaini ikishapita, mwenyewe yuko ardhini. Mtu mzima kufungua kabati akagawa kwa mkono wake, pale Ziwani walielewa kitu kimoja tu, kwamba anaaga.

Aliyekuja mwisho ni Somoe. Huyu ni Mmakua, ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Na mtani si rafiki wa kawaida. Mtani ndiye anayechimba kaburi lako, na ndiye anayevaa nguo zako siku ya msiba, akakuiga unavyotembea na unavyogomba, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Somoe akapita kwenye rundo, akachomoa gauni langu la njano, lile nililokuwa navaa kila shughuli, lina doa la binzari kifuani.

"Hili langu," akasema. "Nitalihitaji."

"Utalihitaji kwa lipi?"

"Weye mtani, kwani hujui kazi yangu?" Akacheka lile cheko lake, akaondoka nalo kwapani. Nikajisemea, kumbe wameshapanga mpaka atakayeniigiza.

Haikupita wiki kaka yangu Issa akatokea kutoka Nanyamba. Alikuwa hajafika kwangu tangu mvua zilizopita. Akanywa chai, akasifu kuku, akauliza hali ya barabara, ndipo akatoa lake. "Dada, ile mikorosho ya marehemu mama, tungeizungumza mapema, watu bado tuna nafasi."

"Nafasi ya nini, Issa?"

"Ya kuzungumza tu."

Nilimfukuza na chai yake iko nusu. Nikafunga mlango, nikalia. Ndugu yangu wa tumbo moja kaja kunigawa ningali napumua! Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Nikawa kila mtu namtazama mikono.

Sasa ndiyo yakaja maumivu. Wifi Mwanahawa aliniletea samaki wa kupaka, tui zito, limekolea. Akasema, "Wifi, kula hata kidogo, unatutia hofu." Nikala, maana kusema kweli nilikuwa na hamu. Haikufika saa moja, hapa, chini ya mbavu za kulia, kukashika. Si kuuma, kukashika, kama mkono umeingia ndani ukafinya na hauachii. Maumivu yakapanda mpaka nyuma ya bega. Nikatapika kitu cha kijani, kichungu, mpaka puani.

Kesho yake nikala muhogo wangu na chai, salama. Baada ya siku kadhaa wifi akaleta maandazi ya nazi. Nikala moja, mkono ule ule ukafinya. Nikala changu, salama. Akaleta kisamvu kilichopikwa kwa nazi na karanga, nikala vijiko vitatu, nikajikunja sakafuni nikiuma kanga nisipige kelele.

Mlio hapa mngefikiri nini? Semeni ukweli wenu. Chakula changu sidhuriki. Chakula cha mkono wa Mwanahawa, kila nikila, nakufa nusu. Na Mwanahawa kachukua magauni yangu manne, na kaka yake ananipima pumzi. Ushahidi ulitimia, hata hakimu angeukubali. Nikasema, nimelishwa. Nimelishwa na wifi yangu.

Kuanzia hapo nikipokea bakuli lake natabasamu, akigeuka namwagia paka. Paka alinenepa, mkia juu, lakini mimi hilo sikuliona kama jibu. Nikasema labda dawa yenyewe imetajiwa jina langu. Na maumivu nikayaficha. Nilikuwa radhi nife kimya kuliko Mwanahawa ajue kuwa sumu yake inafanya kazi. Hapo ndipo nilipokaribia kaburi kweli, wenzangu, maana yule mkono ulizidi, ukawa unakuja hata nikila changu. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyolala. Choo kikawa cheupe, samahanini, kama udongo wa kusiriba nyumba. Mwili ukawasha usiku na mchana. Nikijitazama kwenye kioo macho yana umanjano, nikafunika kioo.

Ikafika harusi ya binti yake Mwanahawa. Mke wa mjomba huwezi kukosa, watu wataongea. Nikaenda, nikakaa pembeni na wanawake, sinia likaletwa. Nikachukua tonge, nikalinusa, nikalirudisha pembeni kidogokidogo. Nilidhani hakuna aliyeniona.

Ngoma ikapigwa, vigelegele, na katikati ya ua akaingia Somoe. Kavaa gauni langu la njano! Ndani kajaza mito, kifuani mito, nyuma mito, mkononi ana mwiko. Ua mzima ulilipuka. Akatembea mwendo wangu wa zamani, akakoroga sufuria la hewa, akaonja, akafumba macho, akasema kwa sauti yangu hasa, "Chumvi ipo, ila mkwe wenu ndiye hana ladha!" Watu wakagaragara. Hata mimi nusura nicheke.

Kisha akachomoa mito, mmoja mmoja, akawarushia watoto. Gauni likabaki linamning'inia. Akaanza kuwa mimi wa sasa. Akatembea anatazama nyuma. Akapokea sinia la hewa kwa tabasamu, akageuka, akanusa, akamwita paka, "Njoo, njoo mwanangu, onja kwanza." Cheko likapungua. Nikaona Mwanahawa kaweka mkono mdomoni. Somoe hakuacha. Akala tonge moja, akatulia. Halafu mkono wa kulia ukaenda chini ya mbavu, akajikunja taratibu, meno kayabana, bega moja limepanda. Akajifanya kuna mtu anapita, akanyooka ghafla na kutabasamu. Mtu akipita, anajikunja tena.

Hakuna aliyecheka. Ngoma ilinyamaza. Somoe akasimama mbele yangu na gauni langu.

"Mtani," akasema, "miaka yote hii nakuchungulia mpaka uani kwako, nakuiga. Cheko lako ninalo, mwendo wako ninao, matusi yako yote ninayo. Hili la ubavu silijui. Umelitoa wapi?"

"Toka hapa, mwanga wee!"

"Nitukane, ndiyo haki yako. Lakini nijibu. Ukila unashika hapa. Unaumwa nini?"

Nikainuka kwa hasira. Nikasema mbele ya watu wote, mbele ya bibi harusi na mapambo yake, "Muulizeni Mwanahawa! Yeye ndiye anayejua alichonilisha!"

Ya Rabi. Mwanahawa alikaa chini palepale kwenye vumbi, na nguo yake ya harusi ya mwanawe. Mimi nikataka kutoka, nikapiga hatua, baridi ikanishika, meno yakagongana, ua ukazunguka. Nikaanguka. Baba Shaibu anasema nilikuwa nachemka kama sufuria.

Hospitali daktari kijana akaniuliza, "Mama, wapi panauma?"

"Tumbo tu." Hata pale sikumwamini. Nilimtazama mikono.

Somoe alikuwa mlangoni, bado na gauni la njano, hakuwa amebadilisha. Akaingia bila kukaribishwa. "Daktari, huyu muongo. Nitazame mimi." Akaonyesha. Anakula, anasubiri kidogo, mkono ubavuni, unapanda begani, anajikunja. Daktari akaangalia tangu mwanzo mpaka mwisho, hakucheka. Akaja, akabonyeza palepale, akasema, "Vuta pumzi." Pumzi ilikatika katikati, nikapiga ukelele wadi nzima ikageuka.

Wakanipaka yale maji mazito, wakapitisha mashine tumboni. Akasema, "Mama, una mawe kwenye mfuko wa nyongo. Moja limeteleza, limeziba njia, ndiyo maana macho ni ya manjano. Ungechelewa kidogo tungekukosa. Ulipungua haraka sana?"

"Ndiyo."

"Mtu akijikondesha kwa haraka namna hii, nyongo inaweza kuganda ikawa mawe. Halafu ukila mafuta mengi, mfuko unajibana, mawe yanakufinya."

"Mbona mwanzoni nilikuwa naumwa nikila chakula cha wifi tu?"

"Wifi yako anapikaje?"

Somoe akajibu kwa niaba yangu. "Huyo? Huyo hata maji ya kunywa angeweza angeyatia tui."

Nilifanyiwa upasuaji. Nilipozinduka nikasema nataka kuyaona, msije mkanifunga kamba. Wakaniletea kwenye kichupa, mawe ya rangi ya kahawia, mengine kama choroko, moja kubwa kama njugu mawe. Niliyatafutia uchawi, nikashindwa.

Baba Shaibu akanieleza pale kitandani habari ya kile kiganja. "Mke wangu, ulikuwa unakoroma tangu tunaoana. Ulipokonda ukaacha. Mimi nikisikia kimya naamka, nadhani umekufa." Hilo ndilo alilokuwa analificha. Aliona haya kuniambia kuwa nakoroma.

Siku waliyoniruhusu kula, Mwanahawa akaja na chupa ya uji. Tulikuwa hatujasemezana. Akamimina kwenye bakuli, uji mweupe, mwepesi, hauna tone la tui. Halafu, bila kunitazama, akachukua kijiko, akachota ili aonje yeye kwanza, anitoe wasiwasi. Jamani, pale ndipo nilipopasuka mara ya pili, na hapo hapakuwa na ganzi. Dada wa watu, aliyenipikia miaka yote, kafika mahali pa kunionjea kama mtu mgeni, kama adui. Nikamshika mkono, kijiko kiko njiani.

"Acha, wifi. Nipe."

"Wacha nionje."

"Nipe, Mwanahawa. Nisamehe, nipe."

Akanipa. Tukalia wote, uji ukaingia machozi, nikaunywa hivyohivyo mpaka ukaisha.

Leo naishi. Sukari yangu inakaa mahali pake, mwili umejaa kidogo, na shughuli nimeanza kuitwa tena. Issa nilimpa mikorosho yake miwili ailime na asinisumbue. Namshukuru Mungu, na madaktari, na Mwanahawa, ambaye sasa anapika kwa tui jepesi na analalamika kila siku.

Ninalowaambia ni hili. Ukiambiwa punguza polepole, lisikie neno la pili. Ukikonda usikonde kwa njaa, njoo hapa uulize. Sehemu inayouma itaje, ionyeshe kwa kidole, hata kwa mtu usiyemwamini, maana ugonjwa hausubiri mpaka uwaamini watu. Ukimwona mwenzio kakonda, muulize usoni kwake, usimpelekee uji wa kumchunguza shingo. Nami sijapona shaka yangu, sitawadanganya. Nikiletewa sinia natazama bado. Lakini siku hizi natazama mafuta, sitazami mkono uliolileta.

Somoe yule pale, karibu na dirisha, anajifanya hasikii. Nilipotoka hospitali alikuja kunirudishia gauni, kalifua, kalikunja, lakini lile doa la binzari limekataa kutoka. Nikamwambia kaa nalo, mtani. Siku yangu ikifika livae, uniige nilivyokuwa nagombeza watu, uwachekeshe wanangu. Ila ukifika kwenye ubavu, ruka.

Akaniambia, "Siruki. Hapo ndipo nitakapoanzia."